Mbogo aliziona figo mapema

Wiki hii naweka pembeni presha na lishe ili nimsifie mwandishi ninayempenda, Emmanuel Mbogo.

Wengi mnamjua kwa Watoto wa Mama N'tilie, riwaya mliyoisoma sekondari kwa ajili ya mtihani kisha mkaifunga. Ifungueni tena. Zita anakosa ada, anaishia kuokota jalalani, anaumia, na pepopunda inamuua. Darasani tulijaza daftari kwa dhamira ya umaskini. Siku hizi nikifika hapo nawaza chanjo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, hukohuko mnakochimba viazi pekupeku, na kidonda kidogo huwatosha. Mtoto hupewa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama mjamzito naye asikose yake.

Lakini ninachokipenda zaidi ni Vipuli vya Figo, cha mwaka 1996. Jina tu linatia baridi kuliko ya Njombe ya mwezi wa saba: figo ya mtu imekuwa kipuri, kama cha gari. Kwetu wakati ule hiyo ilikuwa hadithi ya kisayansi hasa. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, miaka 21 baada ya kitabu kutoka. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Kabla ya hapo, mwenye uwezo au aliyepata rufaa alipanda ndege kwenda India.

Sayansi imemfikia Mbogo, na ile tamaa ya fedha haijaenda popote. Mwezi uliopita, stendi ya Makambako, kijana wa bodaboda alinisogelea.

"Dada, wewe si wa mambo ya afya? Hivi figo moja wananunua bei gani?"

Nilidhani utani. Hapana. Ana pikipiki ya mkataba, marejesho yamelala wiki tatu, na kwenye simu yake kuna mtu anayemwahidi mamilioni, ila atume kwanza hela ya fomu.

Nilimjibu nitakavyowajibu na ninyi. Hospitali zetu hazinunui figo. Anayechangia ni ndugu wa mgonjwa, hatoi kwa malipo, naye hupimwa damu, presha, sukari na figo zote mbili kabla ya kuguswa. Ni kweli mtu huweza kuishi na figo moja, lakini ni yule aliyepimwa akaonekana mzima na anayeendelea kufuatiliwa. Kijana yule hajawahi kupima hata presha. Na huyo wa kwenye simu haitaki figo yake. Anaitaka hiyo hela ya fomu.

Hakutuma. Tulikaa pale pale tukampigia mwenye pikipiki, akakubali kumwongezea muda.

Kitabu nilimwahidi, ila nakala yangu iko kwa muuguzi mmoja hapa Njombe tangu Pasaka. Akisoma safu hii, airudishe.