Tupime Mapafu, Tusitishe Watu

Ndugu zangu wa Suma na Rungwe nzima, mtu akikohoa wiki mbili huambiwa apime makohozi. Ni vyema, kwani kifua kikuu kinaua na dawa zake ni bure. Lakini mvutaji akishaambiwa hana kifua kikuu, humshukuru Mungu, na jioni anawasha sigara nyingine. Hali ya mapafu yake hakuna aliyeiuliza.

Kipimo chake si kigumu. Unavuta pumzi kifua kijae, unabana midomo kwenye mrija wa mashine, unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka pumzi iishe. Mwaka 2008 madaktari wa Hertfordshire, Uingereza, walitangaza matokeo ya wavutaji 561 waliopimwa hivyo. Wengine walipewa tarakimu tupu. Wengine walielezwa umri wa mapafu yao, kwamba mtu wa miaka 52, kwa mfano, anaweza kuwa na mapafu ya mzee wa miaka 75. Baada ya mwaka, walioacha sigara katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 6.4, na katika la pili asilimia 13.6.

Wapo watakaosema: basi tuwatishe! Sikubali hata kidogo. Katika utafiti huohuo, wenye mapafu mabovu hawakuacha kwa wingi kuliko wenye mapafu mazima. Kwa hiyo si hofu iliyowasaidia. Naamini ni kuelezwa habari za miili yao wakaelewa. Mhudumu anayemfokea mzee wa watu "utakufa wewe" mbele ya foleni anamvunjia heshima na kuanika siri yake, na kesho mzee huyo haji tena. Kosa lingine ni kumwambia mtu mapafu yake mazima, kisha kumwacha aende. Ataona amepewa ruhusa, kumbe kipimo hicho hakioni moyo wala saratani inayoanza.

Na akina mama je? Mvua za kwetu mnazijua: mlango umefungwa, kuni mbichi, moshi umejaa jikoni. Mama hajashika sigara maisha yake yote, na kifua kinambana. Naye apimwe.

Waganga wetu, ombeni ridhaa kwanza, toeni majibu faraghani, na mpangieni mtu siku ya kurudi. Nawe unayevuta, usingoje mashine ifike Suma. Mapafu yaliyoharibika hayawi mapya, lakini anayeacha, hata uzeeni, huyapunguzia kasi ya kuchakaa. Acha leo.