Maarifa ya Kazi: Cherehani Kuukuu Isiuzwe kwa Kilo

Katika nyumba nyingi, za mashambani na za mjini, iko cherehani ya miguu iliyoachwa na mzee aliyekuwa fundi. Imewekwa pembeni, imefunikwa gunia, na juu yake pamepangwa sufuria. Siku moja hupita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, akaiona, akataja bei ya kilo. Mwenye nyumba akiwa na haja ya fedha hukubali, na chombo kilichopata kulipa karo ya watoto huenda kuvunjwa. Kabla ya biashara ya namna hiyo, yafaa mtu aijue kwanza mali aliyo nayo.

Isaac Merritt Singer wa Marekani alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa cherehani mwaka 1851. Mwaka 1856 kampuni yake ilianza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, na kwa njia hiyo watu wasio matajiri nao wakaweza kununua. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, katika Uskoti, kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Mashine za namna hiyo zilijengwa kwa chuma kizito, na nyingi zingali zashona baada ya miaka sabini na zaidi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Jambo la kwanza ni kuichunguza. Ikiwa mwili wa chuma umepasuka, matengenezo yaweza kuzidi faida yake. Lakini ikiwa ni nzima na gurudumu la mkono halizunguki, isidhaniwe kuwa imekufa. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama ulimbo. Gurudumu lisilazimishwe kwa nguvu. Kila tundu la mafuta na kila kiungo kinachocheza kitiwe tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, kisha mashine iachwe mpaka kesho yake na kujaribiwa polepole. Ikikataa, viungo vitiwe matone ya mafuta ya taa, mbali na jiko na taa ya moto. Ikiisha kulegea ipanguswe, kisha itiwe tena mafuta ya cherehani, kwa maana mafuta ya taa huosha lakini hayalainishi chuma. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, kwani nayo huganda. Wala spiriti isipakwe juu ya rangi nyeusi na maua ya dhahabu, kwa kuwa huyeyusha vanishi iliyo juu yake.

Baada ya hapo kibati kilicho chini ya sindano kifunguliwe kwa bisibisi, na skrubu ziwekwe katika kisahani zisipotee. Kati ya meno yanayosukuma kitambaa hukutwa vumbi la pamba lililoshikana, nalo liondolewe lote kwa brashi ndogo. Mkanda wa ngozi ukiwa umelegea hukatwa kipande kidogo na kuunganishwa tena kwa pini yake. Sindano inunuliwe mpya. Bobini zina namna nyingi, basi ile ya zamani ipelekwe dukani ilinganishwe na mpya kabla ya fedha kutolewa.

Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja. Mfereji huo huelekea upande ambao uzi unaingilia tunduni, na ubapa wa shina la sindano hukaa upande wa pili. Ikigeuzwa kinyume, mashine hurukaruka bila kushona, na mwanafunzi hudhani ameuziwa ubovu. Kwa pamba ya uzito wa kati sindano ya nambari 14 yatosha. Kwa kaki nzito hutumika nambari 16.

Anayeanza asianze na kitambaa wala uzi. Achukue karatasi ya daftari yenye mistari na kuipitisha chini ya sindano tupu, akifuata mstari. Gurudumu huanzishwa kwa mkono, sehemu ya juu ikija upande wa mshonaji, kisha miguu huendeleza kwa mwendo mmoja. Likirudi nyuma uzi hujisokota na kukatika. Matundu ya karatasi yakinyooka ukurasa mzima, ndipo miguu imejifunza.

Uzi utungwe mguu wa kubana kitambaa ukiwa juu, ili uzi uingie vizuri kati ya visahani vinavyoukaza. Wakati wa kuanza, ncha za nyuzi zote mbili zishikwe nyuma ya mguu huo. Nyuzi hizo, wa juu na wa chini, hukutana katikati ya kitambaa. Vikionekana vitanzi chini ya kitambaa, wengi hukimbilia kufungua bobini, na hali kosa mara nyingi liko juu: uzi haukutungwa sawasawa, au haukukazwa vya kutosha. Basi uzi wa juu utungwe upya kwanza, kabla ya skrubu yoyote kuguswa.

Hatari iliyo kubwa kuliko kutu ni haraka. Cherehani ikiisha kuzunguka, jirani huleta kaki za sare za shule, na anayeanza huona haya kukataa. Kitambaa kikiharibika kitalipwa, na jina baya halifutiki upesi. Yafaa ajizoeze kwanza kwa mashati makuukuu ya nyumbani, kisha foronya, kisha kupinda leso, kazi ya mstari mmoja ulionyooka ambayo wateja wake hawakosekani. Sare zitafuata mkono ukisha kutulia.

Mwenye cherehani iliyofunikwa gunia na aondoe sufuria zilizo juu yake jioni ya leo, na kutia tone la mafuta katika kila tundu. Mnunuzi wa vyuma atapita tena, lakini kilichokwisha kuvunjwa hakirudi.