Sungura Hana Mwajiri: Pingamizi Dhidi ya Usomaji Mmoja wa White Collar

Upo mwelekeo wa kumsifu kila mhusika mlaghai wa tamthilia za televisheni kuwa ni Sungura aliyevaa suti. Mwelekeo huo ni wa kivivu, na kipindi cha kwanza cha White Collar, kilichoonyeshwa Marekani tarehe 23 Oktoba 2009, chatosha kuubainisha udhaifu wake.

Neal Caffrey, mghushi hodari, anatoroka gerezani ilhali amebakiza miezi michache ya kifungo cha miaka 4. Peter Burke, afisa wa FBI aliyemtia mbaroni awali, anamkamata tena. Caffrey anajitolea kumsaidia kumnasa mghushi mwingine, anayejulikana kwa lakabu ya Mholanzi. Anaachiliwa kwa sharti: avae mguuni kifaa cha kufuatilia nyendo zake, wala asivuke eneo la maili 2.

Wanaomshangilia yafaa wakitazame upya kilele cha kisa. Burke hana hati ya kulipekua ghala la Mholanzi. Caffrey anauvuka mpaka wake kwa makusudi na kuingia humo. Kwa kuwa sasa ni mfungwa mtoro, maafisa wanapata haki ya kumfuata ndani bila hati. Ujanja wake, basi, umeifungulia dola mlango ambao sheria ilikuwa imeufunga. Leo ni ghala la mhalifu; kesho ni nyumba ya nani? Hadhira inafunzwa kucheka pale inapopaswa kuhoji.

Sungura wa ngano za Kiswahili, pamoja na ubinafsi wake wote, humhadaa Simba kwa faida yake mwenyewe. Hatumwi na Simba kumnasa Fisi. Itasemwa kwamba hata Abunuwasi alikula katika jumba la Harun Rashidi. Naam, alikula, lakini kicheko kilimwangukia mfalme. Burke naye hutaniwa, ila ofisi yake ndiyo inayovuna. Nasaba halisi ya Caffrey ni Vidocq, mhalifu wa Ufaransa aliyekuja kuongoza kikosi cha upelelezi cha Paris, Sûreté, mwanzoni mwa karne ya 19.

Hoja hii haikipunguzii kipindi hicho ustadi wa kifani. Inamdai mhakiki aulize: ujanja huu unamtumikia nani, na nani anaulipia? Mhakiki asiyeuliza hivyo hutazama urefu wa masikio tu, na kwake hata punda ataitwa sungura.