"Ndani ya viwango" ni viwango gani, boss?

Kila mara mto ukinuka, kuna mtu mwenye tai anatokea na sentensi moja: "Maji yako ndani ya viwango vinavyokubalika." Basi, watu wanatawanyika. Hakuna anayeuliza viwango gani, sampuli ilichotwa lini, na bomba lilikuwa linatoa maji kiasi gani siku hiyo. Mimi nasema hiyo sentensi bila hizo namba ni hewa tupu. Na sisi vijana wa Kajiado tumeimeza miaka yote kwa sababu tumeambiwa hesabu yake ni ya wataalamu.

Wataalamu gani? Mimi niliacha kampasi, hiyo mnajua, na bado naiweza. Ni kuzidisha na kugawanya, vitu vya kidato cha pili. Shika simu yako, fungua kalkuleta, twende.

Kwanza, viwango ni vingi. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006, zile zinazosimamiwa na NEMA, ziliweka majedwali tofauti. Ukimwaga majitaka moja kwa moja kwa mazingira, mtoni kwa mfano, BOD isipite miligramu 30 kwa lita. Ukimwaga kwa sewa ya umma, unaruhusiwa hadi 500, kwa sababu kule mbele kunafaa kuwa na mtambo wa kuyasafisha. BOD ni kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu vinahitaji kula ule uchafu. Ikipanda, samaki na kila kinachopumua ndani ya mto kinakosa hewa. Sasa mtu akikuonyesha karatasi yenye 400 na kukuambia "iko ndani," anaweza hata asiwe amedanganya. Amesoma tu jedwali la sewa, na bomba lake linaishia mtoni. Na hapa Kitengela tunajuana, sewa haijafika kwa kila mtu. Wengi ni shimo na lori la eksosta, na ukiuliza lori linamwaga wapi, dereva anaangalia pembeni.

Sasa tufike kwa mchezo wenyewe, ambao ndio unanitoa povu.

Chukua kiwanda cha kubuni tu. Kinatoa mita za ujazo 100 za majitaka kwa siku, BOD 90. Kikomo ni 30, kwa hivyo kimepita mara tatu. Miligramu 90 kwa lita ni sawa na gramu 90 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 100, unapata gramu 9,000. Kilo tisa za mzigo zinaingia mtoni kila siku. Mwenye kiwanda ana njia mbili. Ya kwanza, ajenge mtambo na alipe stima na watu wa kuuendesha. Ya pili, afungue bomba la kisima na kuongeza mita 200 za maji safi. Sasa ana mita 300, na gramu 9,000 gawanya kwa 300 ni 30. Amepita mtihani! Karatasi inasema yuko sawa kabisa.

Mzigo uko wapi? Uko palepale, kilo tisa, hakuna hata gramu moja imetoka. Kilichobadilika ni kwamba mita 200 za maji safi, yaani lita 200,000, yaani mitungi 10,000 ya lita ishirini, zimechafuliwa kila siku ili karatasi ipendeze. Kajiado hii! Nimetoka Mashuuru mimi. Nendeni mkamwambie yeyo anayepanga foleni ya maji na punda kwamba kuna mahali mitungi elfu kumi kwa siku inaweza kutumika kuficha uchafu.

Na hata anayefuata sheria bila ujanja, bado kuna swali. Tuseme bomba linatoa lita 10 kwa sekunde, BOD 30 kamili. Mto wakati wa mvua unapitisha lita 90 kwa sekunde, BOD 2. Changanya: 90 mara 2 ni 180, 10 mara 30 ni 300, jumla 480, gawanya kwa lita 100. Unapata 4.8. Si mbaya sana. Sasa leta kiangazi, mto ushuke hadi lita 10. Hesabu ileile: 20 jumlisha 300, gawanya kwa 20. Ni 16! Bomba halijabadilika na karatasi halijabadilika, ila mto ndio umekonda. Na sisi mito yetu hukonda. Ukame wa 2022 hamjausahau, mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara. Mfugaji hushuka mtoni wakati uleule ambao mto una nguvu kidogo zaidi ya kubeba taka za mtu.

BOD angalau vijidudu vitaila siku moja. Metali haziliwi na mtu. Kromiamu ya viwanda vya ngozi ukiiongezea maji haiondoki, inasafiri na kutulia kwenye matope, na mwaka ujao iko pale. Ndiyo maana kikomo cha ile aina hatari, kromiamu sita, kiliwekwa 0.05 tu. (Angalia kipimo kabla hujapiga kelele, tafadhali. 0.05 ya miligramu ni 50 ya mikrogramu. Nimeona mtu akiposti "50!!!" kama ni mwisho wa dunia. Na picha ya povu mtoni inaleta laiki nyingi, lakini povu si kipimo, na mwenye kiwanda anajua hivyo kuliko wewe.)

Mtaniambia viwanda vinatupa kazi. Ni kweli, EPZ ya Athi River imelipa kodi za nyumba nyingi hapa Kitengela, na sitaki ifungwe. Lakini angalia nani anaumizwa na huu mchezo. Aliyejenga mtambo wake vizuri anapigwa bei na jirani aliyefungua bomba la kisima tu. Mwaminifu ndiye anaonekana mjinga. Halafu maji yale yanateremka na Athi, yanapita Machakos na Makueni, yanaitwa Galana, yanaitwa Sabaki, yanaingia baharini karibu na Malindi. Wote hao hawakupata hata kazi ya uaskari getini.

Kinachoniudhi kabisa ni kwamba hizi namba zipo. Kanuni zilezile za 2006 ziliagiza anayemwaga majitaka apime kila siku ubora na pia kiasi, kisha apeleke rekodi NEMA kila miezi mitatu. Kiasi! Kwa hivyo mzigo unaweza kupigwa hesabu leo, na yule mwenye tai anajua. Anatupa ile sentensi kwa sababu hatuombi karatasi.

Watu wa Owino Uhuru pale Mombasa hawakushinda kwa povu. Walienda na vipimo vya risasi kwenye damu za watoto wao, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini wao walisubiri mpaka sumu iwe mwilini. Katiba haitaki tusubiri. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba mtu ameumia.

Na kabla ya korti kuna barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kukujibu. Usiandike "tunaomba maelezo kuhusu uchafuzi," utaletewa ileile sentensi. Andika: naomba rekodi za miezi mitatu iliyopita za bomba hili, BOD ya kila siku, mita za ujazo za kila siku, tarehe na saa ya kila sampuli, na jedwali lililotumika. Yangu inaenda Jumatatu, nikiitaja mito miwili. Ikijibiwa, naweka kurasa zote hapa na tunapiga hesabu pamoja, bomba kwa bomba. Ikinyamaziwa, siku ya 22 niko kwa ofisi ya Ombudsman na nakala ya barua, yenye muhuri wa kupokelewa.