Asilimia ya mgao wa kaunti yaweza kupotosha

WAKAZI wa wadi ya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, huitegemea serikali ya kaunti kwa zahanati na serikali kuu kwa walimu. Kila mjadala kuhusu mgao wa fedha, basi, unawagusa. Hata hivyo, asilimia zinazotajwa humo sharti zipimwe.

Barani Ulaya, matumizi ya serikali nchini Ufaransa mwaka 2023 yalifikia takriban asilimia 57 ya pato la taifa, ilhali Ireland hayakufika asilimia 25. Mtu angedhani Ireland imewatelekeza raia wake. La hasha! Pato lake hufurishwa na faida za makampuni ya kigeni yenye makao huko, hivyo matumizi huonekana haba.

Kenya ina kasoro ya kinyume. Kifungu cha 203 cha Katiba ya 2010 chaagiza kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato, kwa kutumia hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/2022, kaunti zilitengewa Sh370 bilioni, zikielezwa kuwa zaidi ya asilimia 27 ya hesabu hizo za zamani. Mwaka huo, KRA ilikusanya Sh2.03 trilioni. Kwa kipimo hicho, mgao haukuzidi asilimia 19.

Kadiri Bunge linavyochelewa kuidhinisha hesabu, ndivyo kaunti zinavyoonekana kutajirika bila kuongezewa hata shilingi. Mgonjwa wa Magwagwa hatibiwi kwa asilimia. Maseneta wanapojadili mgao, yafaa waulize kwanza: ni asilimia ya mapato ya mwaka gani?