Neno "Waste" na Ardhi Isiyokuwa Tupu

Kuna lawama inayorudiwa mno katika kumbi za tafsiri na madarasa ya isimu: kwamba Kiswahili hakina neno moja la kubeba mzigo wote wa neno la Kiingereza "waste". Mfasiri akikutana nalo, husemwa, hulazimika kubabaisha. Hapa ataandika taka, pale upotevu, kwingine ubadhirifu, kwingine tena nyika au jangwa. Wanaolalamika huuita huo ufukara wa msamiati. Lawama hiyo imemkosa mlengwa. Fukara ni lugha yenye neno moja linalofanya kazi ya manne na kuzifuta tofauti zilizomo baina yao.

Shahidi wa kwanza ni asili ya neno lenyewe. "Waste" liliingia katika Kiingereza cha Zama za Kati kutoka Kifaransa cha kaskazini, nacho kililirithi kutoka neno la Kilatini "vastus", yaani tupu, iliyoachwa ukiwa. Ni ndugu wa "vast", linalotaja upana mkubwa, na wa "devastate", yaani kuangamiza. Hapo mwanzo, basi, neno hili halikuhusu ndoo ya jikoni wala jaa la nyuma ya nyumba. Lilihusu ardhi. Maana ya masazo yanayotupwa ilifuata baadaye. Anayelifasiri kwa "taka" bila kufikiri ameianza hadithi kutoka mwisho.

Katika Uingereza ya makabaila, "waste" lilikuwa jina la sehemu isiyolimwa ya milki ya bwana. Haikulimwa, lakini ilitumika: wanakijiji walilisha humo mifugo yao na kuokota kuni. Sheria za kuzungushia ardhi ua, zilizopitishwa kwa wingi na Bunge katika karne ya 18 na ya 19, ziliwaondolea haki hizo, na watetezi wake walidai kwamba ardhi iliyokuwa ikipotea bure sasa inaokolewa. Iliokolewa kutoka kwa nani? Neno lilikuwa limekwisha kulijibu swali kabla halijaulizwa, kwa kuwa mahali palipoitwa patupu hapawezi kuwa na mwenyewe.

Aliyelivika neno hili joho la falsafa ni John Locke, katika kitabu chake Two Treatises of Government kilichotoka mwishoni mwa 1689. Alishikilia kwamba kazi ya mikono ndiyo inayozaa umiliki, na kwamba ardhi iliyoachiwa maumbile, bila malisho, jembe wala mbegu, inastahili kuitwa "waste". Mfano wake mkubwa ulikuwa Marekani, na Locke hakuitazama nchi hiyo kama mtu asiyehusika: aliwahi kuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina.

Kutoka hapo neno lilisafiri na dola. Huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, liliingia hata katika jina la sheria ya ardhi ya 1897. Mwaka 1899 wanasheria wakuu wa serikali ya Uingereza walishauri kwamba, katika himaya zisizo na kile walichokiita utawala uliotulia, ardhi "waste" na isiyokaliwa ingeweza kutwaliwa na Ufalme. Ushauri huo ulifungua njia ya Sheria ya Ardhi za Ufalme ya 1902 katika Afrika Mashariki ya Kiingereza. Sheria ya 1915 ilipanua tafsiri ya ardhi hizo hadi ikaimeza hata ardhi waliyokuwa wakiikalia Waafrika, na mwaka 1921 mahakama ikawatamkia kuwa ni wapangaji kwa hisani ya Ufalme. Pwani nako, sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wadai wajitokeze wathibitishe haki zao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Ufalme. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na jamii, walijikuta maskwota mahali walipozikwa babu zao.

Laiti ardhi hiyo ingeulizwa kwa Kiswahili! Hii ni nini? Ni malisho ya kiangazi. Na hii? Ni kaya, msitu wa mizimu na makaburi. Ile pale? Ni mahame, na mahame hutokana na kuhama: walikuwapo watu, na huenda wakarejea. Na lile pori? Ni shamba lililopumzishwa. Kila neno lina mtu ndani yake. Vivyo hivyo kwa mali: ubadhirifu humtafuta mbadhirifu, israfu humtafuta aliyepita kiasi, na hata upotevu humwacha msikilizaji akiuliza ni nani aliyepoteza. "Waste" hukihukumu kitu na kumwacha mtendaji aende zake.

Atasimama mwenye kusema kwamba hata fikihi inayo ardhi mfu, mawati, inayomilikiwa na anayeihuisha. Ni kweli, lakini fikihi hiyo hiyo inayo harimu: malisho ya kijiji, mahali pa kuokotea kuni na maeneo ya kandokando ya visima hayawi mawati hata kama hayajaguswa na jembe. Faqihi hutazama kwanza majirani, kisha udongo.

Wala haya si mabishano ya makavazi. Tanzania ilitunga sheria mbili za ardhi mwaka 1999, zote kwa Kiingereza. Sheria ya Ardhi, katika kufafanua ardhi ya jumla, inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotungwa mwaka huo huo, haina nyongeza hiyo. Maneno machache yaliyo katika sheria moja na kukosekana katika nyingine yanaweza kuamua hatima ya malisho ambayo mfugaji ameyaacha msimu mmoja ili nyasi zirudi. "Waste" halimo tena katika ibara, lakini jicho lake limebaki, na bado linaona utupu pale ambapo mwenyeji anaona mapumziko.

Kwa hiyo wanaounda istilahi waache kutafuta neno moja la Kiswahili la kuziba pengo ambalo halipo. Mfasiri anayesita mbele ya "waste", akauliza ni ardhi ipi, ya nani, na nani kasema ni tupu, hajashindwa kazi yake. Swali hilo ndilo ambalo wanasheria wa 1899 hawakuwauliza wenyeji.