Anayefichua Wizi Kazini Asiachwe Peke Yake

Ndugu Mhariri,

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi. Jambo lenyewe ni hali ya mfanyakazi anayetoa taarifa za rushwa au wizi mahali pake pa kazi, hasa pale mwizi anapokuwa ni mkubwa wake.

Mwaka 1986 nilikuwa mtunza ghala msaidizi katika shirika moja la umma. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mifuko ya saruji inaposhushwa na kuiandika katika leja. Lori la tani kumi hubeba mifuko 200. Lakini yalikuwa yakifika malori yenye mifuko 150 au hata 140, nasi tukiamriwa kutia saini kwamba tumepokea 200. Saruji wakati huo ilikuwa adimu, na kila mtu pale alijua ile iliyopungua inauzwa wapi.

Tulikuwa wawili katika kazi ile. Mwenzangu hakuweza kuvumilia. Aliandika barua kwa mkono wake kwenda makao makuu, akataja tarehe, namba za malori na hesabu ya mifuko. Aliniomba nami nitie saini. Nilimjibu kwamba nina watoto wanne na wote wanasoma. Akasema, "Haya ndugu yangu, nitaipeleka peke yangu."

Baada ya wiki tatu meneja alimwita. Barua ile ile, yenye mwandiko wake na jina lake, ilikuwa juu ya meza ya meneja. Makao makuu yalikuwa yameirudisha pamoja na kikaratasi kilichosema: "Tafadhali shughulikia." Meneja hakugomba. Alicheka tu, akamwambia, "Kumbe ndugu wewe ni mwandishi hodari!" Mwezi haukuisha, mwenzangu akapewa uhamisho wa kwenda kituo cha mbali, bila fedha za kuhamisha familia. Mwaka uliofuata aliachishwa kazi kwa kosa la utoro, kwa kuwa alirudi kumwuguza mkewe bila ruhusa. Mimi nilibaki, nikapanda cheo, nikastaafu na kiinua mgongo changu. Saruji nayo iliendelea kupungua.

Ndugu Mhariri, siandiki haya ili nijisifu wala kumtukana mtu. Nayaandika kwa sababu nimeona kwa macho yangu mahali ambapo mtoa taarifa huangamizwa. Haangamizwi mahakamani. Huangamizwa pale mezani, wakati barua yake inaporudishwa kwa yule yule aliyemshitaki. Hiyo ndiyo kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Ni kweli kwamba tangu wakati huo hatua nyingi zimechukuliwa. Iko TAKUKURU iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mwananchi anaweza kupiga simu bila malipo kwa namba 113. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi. Sheria hiyo inataka jina la mtoa taarifa lifichwe, inakataza asilipiziwe kisasi kazini, na inatoa nafasi ya kumlipa fidia anapodhurika. Aidha, mwaka 2005 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003, ambao Ibara yake ya 33 inazihimiza nchi ziwalinde watu wanaotoa taarifa kwa nia njema.

Lakini sheria pekee haitoshi, na tusiseme kwamba hatujaona mifano. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na karani wa Benki Kuu, marehemu David Munyakei. Aliona mamilioni ya fedha za umma yakilipwa kwa kampuni ya Goldenberg kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, akatoa nyaraka kwa wabunge. Mwaka 1993 alikamatwa, akashitakiwa kwa kutoa siri za serikali, na ingawa hakufungwa, kazi aliipoteza. Tume ya kuchunguza kashfa ile iliundwa mwaka 2003, miaka kumi baadaye. Yeye alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Huko Afrika Kusini, sheria ya kuwalinda watoa taarifa ilikuwepo tangu mwaka 2000. Hata hivyo, Agosti 2021 mama mmoja aitwaye Babita Deokaran, ofisa wa fedha katika idara ya afya ya jimbo la Gauteng, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg. Alikuwa ametoka kumpeleka mwanawe shuleni. Mama huyo alikuwa amewaonya wakubwa wake juu ya malipo ya mashaka katika hospitali ya Tembisa. Watu sita walifungwa mwaka 2023 kwa kumwua. Sheria ilikuwepo miaka 21, lakini siku ile mama yule alikuwa peke yake.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne kwa wahusika.

Kwanza, barua ya malalamiko isirudishwe kamwe kwenye ofisi inayolalamikiwa. Anayetaka maelezo kutoka kwa meneja aandike maswali yake upya, kwa chapa, bila jina wala mwandiko wa aliyelalamika. Na ule utaratibu wa kupitisha kila barua kwa mkuu wa kazi usihusishwe na taarifa za wizi.

Pili, mfanyakazi aliyetoa taarifa asihamishwe wala kuachishwa kazi mpaka uchunguzi umalizike, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba. Mwajiri akitaka kumgusa, awe na wajibu wa kuthibitisha mbele ya chombo kingine kwamba hafanyi hivyo kwa kisasi. Uhamisho ni silaha isiyotoa mlio, na wakubwa wanajua hivyo.

Tatu, mtoa taarifa ajibiwe. Apewe namba ya jalada na aelezwe limefika wapi. Mtu akikaa mwaka mzima bila jibu huamini kwamba ameuzwa, na wenzake wakimwona hivyo hufunga midomo.

Nne, anayevujisha jina la mtoa taarifa achukuliwe hatua hadharani, hata kama ni ofisa mkubwa. Tunasikia mara kwa mara walioshitakiwa kwa rushwa. Na tumsikie pia aliyeshitakiwa kwa kuuza siri.

Najua wapo watakaosema kwamba ulinzi huu utaleta fitina, kwamba kila mvivu aliyekaripiwa atakimbilia kumchongea meneja wake. Hoja hiyo ina uzito, maana fitina ziko kazini. Lakini dawa ya fitina ni uchunguzi. Mwenzangu alitaja tarehe na namba za malori. Ilikuwa kazi ya saa mbili kufungua leja na kuhesabu mifuko. Anayesema uongo huku akijua ni uongo na aadhibiwe. Ila tusimwadhibu msema kweli kwa kumwogopa mwongo.

Tangu enzi za TANU tumefundishwa kwamba rushwa ni adui wa haki, na kila mwanachama aliahidi kutoipokea wala kuitoa. Mimi sikupokea wala sikutoa. Nilihesabu mifuko 140 nikaandika 200, kisha nikanyamaza. Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua kwamba barua ingerudi. Leo yuko kijana mahali fulani ameshika leja kama niliyoishika mimi, na anajiuliza swali lile lile. Wenye madaraka wampe sababu ya kujibu tofauti na nilivyojibu mimi.

Mtunza ghala mstaafu,
Morogoro.